Nipe Mtoto

Sehemu ya Tisa

"Nipe mtoto, mama. Nipe sasa hivi."

Hapo ndipo pumzi ilipotukatika Jumamosi iliyopita, ndege ikiwa juu ya mawingu na mhudumu yule mwenye skafu nyekundu amemnyooshea mikono bibi Epifania. Wapo walionipigia simu wiki nzima kuniuliza kama atampa. Jamani! Mnamjua Epifania halafu mnauliza swali kama hilo?

Hakumpa.

Aligeuka ubavu, akawa ameketi nusu ya kiti, mjukuu wake Irakoze amefungwa mgongoni kwa kitenge. Wakati ndege inapaa alikuwa amempakata kama alivyoambiwa. Kilio kilipozidi akamrudisha mgongoni, maana huko ndiko mtoto anakonyamazia.

"Umpeleke wapi?" aliuliza.

"Simpeleki popote, mama. Rubani kasema ndege itatikisika. Mtoto hawezi kukaa mgongoni. Mpakate, nimfunge mkanda wake."

"Nani kakutuma?"

"Rubani."

"Na rubani katumwa na nani?"

Abiria wa viti vya nyuma wakacheka. Epifania hakucheka hata kidogo.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikuweke sawa upesi. Pelagia, binti wa Epifania, amelazwa hoi Dar es Salaam na hawezi kunyonyesha. Mumewe Shamsi alifariki kwa ajali kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake Shamsi, Bi Asmahani, mwenye maduka Kasulu mjini, hakuitambua ndoa ile hata siku moja, na hakuna mtu wa kwao aliyekwenda harusini. Lakini aliposikia kazaliwa mtoto wa kiume, alipiga simu mwenyewe.

"Damu yangu hailelewi na watu wa kambi ya wakimbizi," alisema. "Popote mtakapokanyaga, nitamchukua."

Pelagia akamshika mama yake mkono pale kitandani. "Mama, mfiche kwa mjomba Stanislaus kule Kibondo mpaka nipone. Akishaingia ile nyumba, mimi simpati tena."

Ndiyo maana Epifania, ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ya ndege maishani mwake, yuko angani leo. Na ndiyo maana kila anayemtazama, yeye anamwona ni mtu wa Asmahani.

Ndege ikashuka ghafla, watu wakapiga kelele, na Epifania mwenyewe akamfungua mtoto mgongoni bila kuambiwa tena. Mhudumu, jina lake Shadia lilikuwa limeandikwa kifuani, akapiga magoti kwenye njia, akamfunga Irakoze mkanda mdogo uliounganishwa na wa bibi yake. Mkono wake ulimgusa mtoto shavuni.

"Mbona amelegea hivi? Kala saa ngapi?"

"Atakula. Fungua buti."

"Samahani?"

"Begi langu la maziwa liko huko chini kwenye buti. Simamisheni kidogo mlifungue."

Msicheke. Basi la Kasulu linafanyaje? Ukihitaji kitu njiani unamwambia konda, gari linasimama, buti linafunguliwa, unatoa ndizi zako, safari inaendelea. Epifania aliingiza begi lake kwenye mizigo kwa mahesabu hayohayo.

"Mama, mizigo haifunguliwi tukiwa angani," Shadia alisema kwa upole.

"Kwa nini? Mnaficha nini?"

Shadia aliinuka, ndege ikiwa bado inayumba, akashika viti kimoja kimoja mpaka nyuma kabisa. Epifania akasikia wananong'ona. Roho ikamwambia, haya, wameanza kupanga.

Kumbe nyuma kulikuwa na mama kijana mwenye mtoto wake. Chupa ya maziwa ya uvuguvugu ikaanza kupita mikononi mwa watu juu ya viti, mmoja akimpa mwenzake, hadi ikamfikia Epifania.

Akaishika. Akamtazama Shadia. Hakumnywesha mtoto.

"Mpe, mama."

Epifania alizidi kumtazama Shadia.

"Bibi huyu vipi?" Mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni alidakia. Huyo ni Mwamvua, muuza vitenge wa Kibondo. "Mtoto anakufa njaa, yeye anakodoa macho! Bibi, mpe mtoto maziwa!"

Irakoze alifungua mdomo kulia, sauti haikutoka. Epifania alihisi moyo unamchanika, lakini mkono ulikataa. Alikuwa anasubiri kitu, na hakuna aliyekuwa anakifanya.

Mzee aliyekaa dirishani ndiye aliyeelewa. Anaitwa Melkiadi, mfugaji nyuki wa Munanila, na tangu Dar alikuwa amelala na kofia usoni. Aliiondoa kofia.

"Binti," alimwambia Shadia, "anakusubiri wewe. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, mbele ya macho yako. Ukimpa mtu bila kuonja, umemtukana. Au umemtisha."

Shadia alishika mdomo. "Loo! Nimezaliwa huku na nimesahau!"

Akadondoshea maziwa kiganjani, akalamba. Mzee Melkiadi naye akakinga kiganja, akalamba. Mwamvua akanyoosha wake. "Nitilieni na mimi, nisije nikaonekana mchawi peke yangu!" Jamaa wa suti upande wa pili naye akaleta mkono.

"Basi, basi!" Melkiadi alipiga kelele. "Mtamwachia nini mwenye maziwa?"

Ndege nzima ikacheka. Irakoze akaikamata chupa kwa ufizi, akavuta mpaka kooni pakasikika. Epifania aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mtoto kwenye paji la uso. Alifurahi, kusema kweli. Alifurahi mno.

Halafu akaanza kufikiri. Watu wote hawa wanahangaika na mimi kwa sababu gani? Nani anafanya hivi bure?

Kabla hajapata jibu, spika ikalia juu. Rubani alisema Kigoma kumefunga, mawingu yamekaa chini, haiwezekani kutua. Wanageuza kwenda Mwanza.

Epifania aliganda.

"Wamegeuza ndege," alinong'ona. "Asmahani ana nguvu kiasi hiki?"

* * *

Mwanza walishuka salama. Begi la Epifania halikushuka. Lilibaki Dar, na ndani yake nguo zote za mtoto na kopo lake la maziwa.

"Wamelichukua," alisema.

"Limesahaulika, mama," Shadia alimwambia. "Litaletwa kesho."

"Ndivyo mnavyosema."

Ndege haingeweza kwenda Kigoma siku ile. Wasiotaka kusubiri wakakodishiwa basi dogo, Kosta, wapite barabara ya Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu mpaka Kigoma. Jamaa wa suti alitoka mbio uwanjani akarudi na kopo la maziwa na chupa mpya, hakusema hata jina lake. Rubani mwenyewe, kofia kwapani, akamsindikiza Epifania mpaka mlangoni mwa gari.

"Nakutakia heri, mama. Shadia atakwenda nanyi. Likizo yake ilikuwa ianzie Kigoma, sasa inaanzia hapa."

Epifania akapanda huku anajiuliza. Rubani mzima anamsindikiza mwanamke aliyekuja nchi hii mtoto, mgongoni mwa mama yake, akikimbia vita Burundi? Ana uraia wake sasa, hilo anajua. Lakini kwa miaka yote hiyo, aliyemfungulia mlango kwa heshima hivyo mara nyingi alikuwa anataka kumuuliza kibali cha kutoka kambini.

Alimwambia Shadia anaitwa Mama Niyubahwe, mtoto hajapewa jina, na wanakwenda Munanila. Uongo mtupu, mstari mmoja baada ya mwingine, na hakupepesa jicho.

Baada ya Nyakanazi mikono ilimfa ganzi.

"Nikusaidie kidogo?" Shadia aliuliza. Safari hii hakunyoosha mikono. Aliiweka mapajani, akangoja.

Epifania alimtazama kwa muda mrefu. Msichana alikuwa amevua viatu vya kazi, vidole vimevimba, macho mekundu kwa uchovu. Angeweza kulala. Hakulala, alikuwa anamwangalia mtoto asijigonge kwenye kiti.

"Kidogo tu," Epifania alisema, akamweka Irakoze mikononi mwake. Lakini alishika ncha ya kitenge cha mtoto, hakuiachia.

"Mzuri kweli," Shadia alisema. "Mimi naenda kwetu Kasulu. Nimekulia kwa bibi Ujiji, lakini mama yuko Kasulu. Sijafika nyumbani tangu msiba. Nilikorofishana na mama siku ya matanga."

"Pole, mwanangu."

Hakuuliza msiba wa nani. Akiuliza, naye ataulizwa. Aliangalia nje vilima vya Kakonko vinapita.

Kakonko ikabaki nyuma. Mwamvua akageuka kutoka kiti cha mbele, meno yote nje, simu mkononi.

"Bibi, nina habari njema! Nimeshawaambia watu tangu Mwanza!"

"Umewaambia watu gani?"

"Kundi letu la wasapu, watu wa Kigoma tulioko kila mahali! Nimewaambia tuna bibi na mjukuu wa kiume, mama yake mtoto yuko hospitali Dar, begi limepotea, mwenye maziwa na nguo za mtoto tukutane stendi ya Kibondo. Wee! Watu wamejibu hao! Na picha nimetuma, ile uliyokuwa unamnywesha maziwa kwenye ndege."

Epifania alisimama ndani ya gari linalokimbia, akagonga kichwa kwenye bati.

"Picha ya nani? Nani kakuruhusu? Futa! Futa sasa hivi!"

"Bibi, mbona..."

"Futa nakwambia!"

Mwamvua akafuta. "Kwangu nimefuta. Lakini wenzangu wameshaisambaza. Iko makundi ya Kasulu, Kigoma, sijui wapi." Sauti yake ikavunjika. "Nilitaka kukusaidia tu, dada yangu. Nimekosea nini?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Kumtukana anastahili, kumshukuru anastahili pia. Epifania aliketi, akamchukua mtoto kwa Shadia, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Mzee Melkiadi alijaribu kumtuliza. "Usiogope, dada. Hatutakuacha. Gari hili litakupeleka mpaka Kasulu, na Kasulu nitakutafutia usafiri tufike wote Munanila. Utalala kwangu, mke wangu atakupokea."

Kasulu! Mzee wa watu anatoa wema wake wote, na wema wenyewe unampeleka mlangoni kwa Asmahani.

"Nashuka Kibondo," Epifania alisema.

"Si ulisema Munanila?"

"Nashuka Kibondo!"

Abiria wakatazamana. Shadia alimkazia macho kwa namna nyingine sasa, kama mtu aliyegundua kwamba amedanganywa na hajui kwa kiasi gani. Lakini alimwambia dereva tu, "Kibondo tutasimama."

* * *

Jua lilikuwa bado juu walipoingia Kibondo. Epifania alichungulia dirishani akimtafuta kaka yake Stanislaus, hakumwona. Aliwaona watu.

Walikuwa wamejipanga kando ya stendi, na walikuja kweli. Kijana wa bodaboda na furushi la nguo za mtoto. Nesi aliyetoka kazini na sare yake. Mama mmoja wa kanisani na blanketi la njano. Muuza duka na makopo kwenye mfuko. Hawamjui, hawajawahi kumwona, na wamesimama juani kwa ajili ya mtoto asiyewahusu.

"Waone," Mwamvua alisema kwa unyonge. "Si wabaya."

Epifania alishuka na Irakoze mkononi, amembana kifuani. Kijana wa bodaboda akamletea furushi. Hapo akakwama.

Kwao kitu cha kupewa hakipokelewi kwa mkono mmoja. Unapiga makofi kidogo, unainama, unakinga mikono yote miwili. Kupokea kwa mkono mmoja ni dharau hata kwa adui, sembuse kwa watu hawa. Na mkono mmoja ulikuwa na mtoto.

Alisimama pale, kijana amenyoosha furushi, watu wote wanamtazama. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Siku nzima amewashuku, wamemlisha mjukuu, wamembebea, wamemsubiri. Awapokelee kama anayewanyang'anya?

Shadia alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango wa gari.

Epifania aligeuka. Akamwinua Irakoze, akamweka mikononi mwa Shadia, na safari hii hakushika ncha ya kitenge.

"Nishikie mwanangu," alisema.

"Nimemshika, mama."

Ndipo akapokea. Alipiga makofi, akainama, akakinga. Furushi. "Asante sana, mwanangu." Blanketi. "Asante, dada, Mungu akuzidishie." Nesi akampa chupa mbili, akamshika mabega, Epifania akalia wazi mbele za watu. Kila alichopewa alikipitisha kwa Melkiadi. Tangu Pelagia alazwe hakuwahi kuhisi wepesi kifuani kama ule.

Wa mwisho alikuwa mwanamke wa buibui jeusi, mtandio umeshushwa karibu na nyusi. Alikuwa na kopo moja la maziwa, kubwa kuliko yote.

Epifania akapiga makofi, akainama, akakinga mikono miwili. Akainua macho.

Asmahani.

Kopo lilikuwa limeshikwa na mikono minne, hakuna aliyeachia.

"Mkwe wangu," Asmahani alisema, taratibu kabisa. "Ulidhani Kibondo ni mbali?"

"Toka hapa."

"Nimemletea mjukuu wangu maziwa. Kuna ubaya gani? Shamsi mdogo yuko wapi?"

"Anaitwa Irakoze! Na mama yake yuko hai!"

"Mama yake hajiwezi kitandani, na wewe unamsafirisha bila hata nguo ya kumbadilisha, unaombewa stendi. Hawa watu wote ni mashahidi." Asmahani alipaza sauti. "Jamani, mmesaidia kwa moyo safi. Lakini mtoto huyu ametoroshwa! Baba yake ni mwanangu, marehemu. Nimekuja kumchukua."

Minong'ono ikapita stendi nzima. Nesi akarudi nyuma. Kijana wa bodaboda akalitazama furushi lake kama anayetaka kulirudisha. Mwamvua akajishika kichwa. "Mungu wangu, ni mimi. Ni mimi niliyemleta."

Mzee Melkiadi akasimama kati. "Mama, wapo wazee, wapo wa ustawi wa jamii. Mtoto hachukuliwi barabarani."

"Wewe mzee kaa pembeni. Mtoto yuko wapi?"

Epifania aligeukia gari, afungue mdomo amwambie Shadia apande ndani, afunge mlango, asimpe mtu yeyote.

Shadia alikuwa ameduwaa.

"Mama?" alisema, anamtazama Asmahani. "Unafanya nini Kibondo?"

Asmahani naye akashtuka, akaliachia kopo, kisha uso wake ukafunguka wote. "Shadia! Mwanangu! Kumbe umeshamshika? Mlete hapa. Huyo ni mtoto wa kaka yako."

Epifania alisikia maneno hayo. Msiba. Kasulu. Alikuwa ameambiwa kila kitu njiani, na hakuuliza swali hata moja.

Shadia aliinamisha uso kwa mtoto. Alimfunua kitenge kichwani polepole, akamtazama kama anayemtafuta mtu mwingine ndani yake.

"Masikio ya kaka," alisema. "Masikio yaleyale."

"Mlete, mwanangu," Asmahani alisema, na sasa alikuwa analia kweli, machozi ya mama aliyezika. "Amebaki huyo tu."

"Shadia," Epifania alisema. "Mimi nimekupa mwenyewe. Nirudishie."

Shadia alimtazama mama yake, akamtazama Epifania, akambana mtoto kifuani. Kisha akarudi nyuma, hatua moja, ndani ya gari.

"Dereva, funga mlango."

"Twende wapi, dada?"

"Wewe washa gari!"

Mlango ukafungwa. Kosta ikatikisika, ikaanza kuondoka, na Epifania alikuwa bado chini, amelishika kopo la maziwa kwa mikono yote miwili.